Diski isihukumiwe kabla kumbukumbu hazijasomwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo limewagharimu fedha watu wengi wa huku kusini, hasa shule, wenye steshenari na ofisi za vyama vya msingi vya ushirika, bila wao kujua kwamba gharama hiyo mara nyingi haikuwa ya lazima. Ni habari ya kompyuta zinazotangazwa kuwa diski zake zimekufa, kwa sababu tu usakinishaji wa Linux (mfumo endeshi, mbadala wa Windows) unaojiendesha wenyewe umekwama katika hatua ya kugawa diski katika sehemu, yaani patisheni. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mtwara. Kompyuta za namna hiyo huletwa mezani kwangu zikiwa zimekwisha kuhukumiwa kwingine, na nyingi kati yake hurudi kazini na diski ile ile.

Kwa nini jambo hili limezidi sasa, sababu inafahamika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali kompyuta zisizo na TPM 2.0 (kijenzi cha usalama) wala vichakataji vya zamani, ambavyo ndivyo vilivyojaa katika ofisi zetu. Tarehe hiyo iliangukia katika msimu wa korosho, wakati ambao hakuna karani anayetaka kusikia kwamba kompyuta yake inahitaji kubadilishwa. Wengi wakaona nafuu ni kuhamia Linux, na mimi nawaunga mkono kabisa, kwani kompyuta ya miaka kumi bado inaweza kuandika barua, kutunza hesabu na kuchapa risiti bila shida.

Kompyuta zinapokuwa nyingi, fundi hakai mbele ya kila moja akibonyeza kitufe cha kuendelea. Huandaa faili la majibu, ambalo kwa watumiaji wa Debian, moja ya familia za Linux, huitwa preseed, kwa jamii ya Red Hat huitwa Kickstart, na kwa Ubuntu ya seva kuanzia toleo la 20.04 huitwa autoinstall. Ndani yake mna majibu ya maswali yote ambayo kisakinishi kingeyauliza: lugha, saa za Africa/Dar_es_Salaam, jina la mtumiaji, nywila, na namna ya kugawa diski. Majibu mengine yote yakikosewa, hasara yake ni kurudia kazi tu. Jibu la diski pekee ndilo linalogusa kitu kilichokuwapo kabla fundi hajafika, na kwa hiyo ndilo linalostahili kuandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko yote. Kwa bahati mbaya, ndilo linalonakiliwa ovyo kuliko yote. Mafaili haya hupitishwa mkono kwa mkono na simu kwa simu, na mtu hulitumia faili lililoandikwa kwa kompyuta za Dodoma au za nchi nyingine bila kubadilisha hata mstari mmoja. Ni kama kuazima koti la jirani: mikono inaweza kukuenea, lakini vilivyomo mifukoni ni vyake.

Tuanze na jina la diski, kwa kuwa ndipo ninapokuta makosa mengi. Katika Linux diski ya SATA huitwa sda, inayofuata sdb, na kuendelea hivyo. Diski ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, huitwa nvme0n1. Na kompyuta mpakato za bei nafuu, ambazo hifadhi yake imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, huiita mmcblk0. Herufi hizo si mali ya diski. Kiini cha Linux huzigawa kwa kadiri kinavyovigundua vifaa wakati wa kuwaka, na fleshi ya USB huingia katika foleni hiyo hiyo. Sasa chukua faili la majibu lililoandikwa kwamba diski ya kugawa ni /dev/sda, uliweke kwenye fleshi, uwashe nalo kompyuta ambayo siku hiyo imeipa fleshi jina la sda na diski ya ndani jina la sdb. Kisakinishi kitajaribu kuigawa fleshi ambayo chenyewe kinatumika kutokea humo, kitakuta inatumika, na kitasimama kikisema kwamba diski haigawiki. Fundi mwenye haraka huandika kwenye karatasi kuwa diski mbovu. Diski ya ndani wakati huo haijaguswa hata kidogo.

Dawa ya tatizo hili ipo na si ya kificho. Katika saraka ya /dev/disk/by-id kila diski ina jina linalobeba aina yake na namba yake ya kiwandani, jina ambalo halibadiliki hata ukiihamisha diski kwenye tundu jingine. Jina hilo linafaa sana kwa seva moja. Kwa kompyuta nyingi halifai, maana kila moja ina namba yake, na hapo ni bora kuichagua diski kwa sifa kuliko kwa jina. Autoinstall ya Ubuntu inakuruhusu kusema unataka diski kubwa kuliko zote, au unataka SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka. Debian ina amri ya partman/early_command inayotangulia kabla ya ugawaji, ambamo unaweza kuorodhesha diski zilizopo, ukaitoa fleshi uliyowashia, na kukikabidhi kisakinishi iliyobaki. Kickstart ina sehemu ya %pre, ambayo ni hati ndogo ya kuichunguza kompyuta na kuandika mistari ya ugawaji katika faili la muda, kisha faili hilo huingizwa kwa %include. Kazi hii hufanywa mara moja, na hulipa kila mara faili litakapotumika tena.

Jambo la pili, ambalo ningependa mafundi wenzangu walisome mara mbili, ni kwamba kosa linaloonekana kwenye kioo katika jaribio la pili mara nyingi silo lililokwamisha jaribio la kwanza. Jaribio la kwanza huweza kukatishwa na chochote: umeme umekatika, mtandao umepotea wakati wa kupakua vifurushi, au mstari mmoja wa faili una herufi iliyokosewa. Lakini kabla ya kukatika, kisakinishi kilikuwa kimekwisha kuandika jedwali la patisheni (orodha ya sehemu za diski) na kuunda kundi la LVM (mfumo wa kuunganisha sehemu hizo katika hifadhi moja), tuseme linaitwa vg0. Fundi anawasha upya kompyuta na kuanza tena. Safari hii kisakinishi kinakuta diskini kuna kundi linaloitwa vg0, nacho kimeagizwa kuunda kundi la jina hilo hilo, kwa hiyo kinasimama. Fundi anaanza kulishughulikia kosa hili la pili, ambalo alilizalisha mwenyewe kwa kuanza upya, huku la kwanza likiwa limefutika kabisa.

Limefutika kwa sababu kumbukumbu za usakinishaji, yaani mafaili (log) ambamo kisakinishi huandika kila hatua na kila kosa, hukaa kwenye RAM, hifadhi ya muda ya kompyuta. Kisakinishi hakina mahali pengine pa kuziweka, kwa kuwa diski bado haijawa tayari, na ukizima kompyuta zimekwenda. Ndiyo maana nasema kitufe cha kuzimia kiwe cha mwisho kuguswa. Kwenye kisakinishi cha Debian, Alt na F4 huleta kumbukumbu zinazotiririka, na Alt na F2 huleta dirisha la amri, ambako mafaili ya /var/log/syslog na /var/log/partman yanasomeka. Ukiwa kwenye kisakinishi chenye picha, ongeza Ctrl. Kwenye jamii ya Red Hat, habari za diski ziko katika /tmp/storage.log, na amri zilizoendeshwa pamoja na majibu yake ziko katika /tmp/program.log. Ubuntu huziweka chini ya /var/log/installer. Chomeka fleshi nyingine, nakili mafaili hayo, ndipo uzime. Kosa la kwanza kabisa kutokea, na si lile la mwisho lenye maandishi makubwa, ndilo la kutafutwa, nalo mara nyingi liko mistari mingi juu ya pale ambapo macho hukimbilia.

Wakati mwingine hakuna kosa lolote. Debian ina mistari kadhaa ya kuthibitisha: kuondoa LVM ya zamani ni partman-lvm/device_remove_lvm, kuondoa RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya zamani ni partman-md/device_remove_md, na kukubali kuandika diskini kuna partman/confirm na partman/confirm_nooverwrite. Mmoja ukikosekana, kisakinishi husimama na kuuliza, kama kilivyofunzwa, kisha kinangoja. Fundi aliyeacha kompyuta zikijisakinisha usiku, akarudi asubuhi na kukuta kioo cha buluu chenye swali, husema zimeganda. Zilikuwa zinamsubiri yeye.

Mabaki ya zamani yana ujanja mwingine ambao huwachanganya hata wenye uzoefu. Jedwali la patisheni la aina ya GPT huandikwa mara mbili, mwanzoni mwa diski na mwishoni kabisa, kwa hiyo anayefuta megabaiti chache za mwanzo kwa amri ya dd huacha nakala ya mwisho ikiwa nzima. Alama za RAID za muundo wa 0.90 na 1.0 nazo hukaa mwishoni. Na alama ya LVM haimo kwenye kichwa cha diski bali ndani ya patisheni yenyewe. Ukifuta jedwali peke yake, kisha kisakinishi kikaunda patisheni mpya inayoanzia pale pale ilipoanzia ya zamani, kwa kawaida kwenye megabaiti ya kwanza, LVM iliyozikwa hufufuka mbele ya macho yako. Njia salama ni kuanza na amri ya wipefs bila chaguo lolote, ambayo huorodhesha tu alama ilizozikuta na haiandiki kitu, kwanza kwa kila patisheni, kisha kwa diski nzima. Ukisharidhika kwamba hiyo ndiyo diski uliyoikusudia na kwamba data yake imehifadhiwa kwingine, rudia kwa mpangilio huo huo ukiongeza -a.

Yapo mengine ambayo nitayapitia kwa ufupi. Kompyuta inayowaka kwa UEFI (programu ya ubao inayoiamsha kompyuta) inahitaji patisheni ya EFI yenye mfumo wa FAT, ilhali inayowaka kwa BIOS ya zamani, ikiwa diski yake ni ya GPT, inahitaji kipatisheni cha megabaiti moja kwa ajili ya GRUB, programu inayoiwasha Linux. Faili moja la majibu lisilotofautisha hali hizi mbili litafaulu kwenye nusu ya kompyuta na kushindwa mwishoni kwenye nusu nyingine. Kutazama kama saraka ya /sys/firmware/efi ipo kunatosha kujua uko upande gani. Pia, mpango wa ugawaji ulioandikwa kwa diski ya gigabaiti 500, wenye viwango vya chini vikubwa, hauwezi kuingia kwenye SSD ya gigabaiti 120 ambayo mwenye kompyuta aliibadilisha ili mashine iwe nyepesi. Na diski ya NVMe isipoonekana kabisa kwenye kompyuta mpakato ya Intel, tazama mipangilio ya UEFI kama hifadhi imewekwa katika hali ya RST au RAID badala ya AHCI, kabla hujaagiza nyingine.

Sisemi kwamba diski hazifi. Zinakufa, na huku pwani zina maadui wa ziada, umeme unaocheza na hewa ya chumvi. Lakini diski inayokufa huacha ushahidi. Amri ya dmesg huonyesha makosa ya kusoma na kuandika pamoja na namba za sekta, na smartctl hutoa hesabu ambazo diski yenyewe imejiwekea. Sifa ya 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, ya 197 ni sekta zinazosubiri kuamuliwa, na hizo mbili zikipanda, nunua diski nyingine wala usibishane. Ya 199 ni tofauti: huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao, na mshukiwa wake wa kwanza ni kebo.

Nililetewa kompyuta ya duka moja la vifaa vya shule la Mikindani, lililo karibu na maji, ambayo usakinishaji wake ulikuwa ukifa kila mara wakati wa kuandika mfumo wa mafaili, na mwenyewe alikuwa ameshapewa bei ya diski mpya. Sifa ya 5 ilisoma sifuri, ya 197 ilisoma sifuri, ya 199 ilikuwa maelfu, na nilipoinakili data nyingi ili niipime, namba hiyo ilipanda nikiitazama. Nilichomoa kebo ya SATA. Meno yake upande wa ubao yalikuwa yamefifia na kushika utandu wa kijani, kama ule unaouona kwenye vyombo vya shaba vilivyokaa pwani. Niliweka kebo mpya, nikasafisha tundu, nikaanza tena na faili lile lile la majibu bila kubadilisha neno. Usakinishaji ulifika mwisho. Namba ya 199 haishuki, kwa kuwa diski haisahau, lakini ilisimama pale pale ilipokuwa. Kebo ni kitu cha bei ya soda chache; diski ingetoka Kariakoo kwa basi, zaidi ya kilomita 500, na ingeunganishwa kwa kebo ile ile iliyooza.

Kuna kundi la pili la mafundi, ambao hawatangazi diski kuwa mbovu bali hukilazimisha kisakinishi kinyamaze. Hao huongeza kwenye Kickstart mstari wa zerombr na ule wa clearpart --all, na kazi inapita. Inapita kweli, kwa sababu clearpart --all huzifuta diski zote ambazo kisakinishi kinazifikia, na maelezo rasmi ya Kickstart yanatahadharisha kwamba hata hifadhi iliyounganishwa kupitia mtandao imo. Kama diski ya nje yenye nakala za miaka yote ya chama ilisahauliwa ikiwa imechomekwa nyuma ya kompyuta, nayo imekwenda. Mstari wa ignoredisk --only-use, ukiitaja diski moja inayokusudiwa, huzuia maafa hayo yote, na ningependa kuona hakuna faili la Kickstart linaloingia kwenye ofisi ya watu bila mstari huo. Kisakinishi kinachosimama na kulalamika kuhusu diski kinamlinda mwenye mali. Anayekiziba mdomo anajitwika dhamana ambayo kwa kawaida hakuombwa kuibeba wala hakuandikiana na mtu.

Watakuwapo wenzangu watakaosema kwamba mteja hana muda wa fundi anayekaa kusoma kumbukumbu. Nawaelewa, maana nami nalipwa kwa kompyuta iliyokamilika na si kwa saa nilizokaa. Hata hivyo kusoma mafaili mawili ni kazi ya dakika chache kwa aliyezoea, na aliyezoea ni yule tu aliyewahi kuanza. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha kusakinisha. Vingefundisha pia kuvunja usakinishaji kwa makusudi, mwanafunzi akapewa diski yenye LVM ya zamani, jina la diski lisilo sahihi na kebo mbovu, akaambiwa aeleze kwa maandishi ni kosa lipi lilianza.

Upo upande mwingine ambao wenye kompyuta huusahau. Diski iliyotangazwa kufa huishia kwa wanunuzi wa chakavu, ikiwa na majina ya wakulima, namba zao za simu na za akaunti za benki, nayo kwa kweli inasomeka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na "fundi alisema imekufa" si utetezi ambao ningependa kuusikia katibu wa chama akiutoa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa shule, makatibu wa vyama na wenye maduka wa Mtwara na Lindi ni hili: kabla hamjaidhinisha ununuzi wa diski, mwombeni fundi nakala ya kumbukumbu za usakinishaji na matokeo ya smartctl, vyote viwili kwenye fleshi yenu. Si lazima mvielewe ninyi. Mpelekeeni fundi mwingine yeyote avitazame. Na mnapotoa kazi ya kompyuta nyingi kwa mpigo, andikeni katika mkataba kwamba faili la majibu lijaribiwe kwanza kwenye kompyuta moja ya kila aina mliyonayo, diski zote za nje zikiwa zimechomolewa na kufungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati awe nao mtu wa ofisi.

Wako msomaji,
Fundi wa kompyuta,
Chikongola, Mtwara.
(Jina limehifadhiwa kwa Mhariri.)